Umbali na Muda wa Kuruka Kati ya Viwanja Viwili vya Ndege: Mwongozo Kamili wa Kujikokotolea Mwenyewe

Ukiuliza kutoka Nairobi hadi London ni kilomita ngapi, utapewa majibu matatu au manne yanayopishana kwa mamia ya kilomita, na huenda kila aliyejibu yuko sahihi. Mmoja amepima mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia. Mwingine amesoma njia iliyopitwa na ndege ya jana. Wa tatu ametaja maili, lakini hakusema ni maili zipi. Kwenye muda ndiko mambo yanakotatanisha zaidi, kwa sababu muda wa ratiba, muda ambao ndege inakuwa hewani, na jibu unalopata ukitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika ni vitu vitatu tofauti kabisa.

Umbali kati ya viwanja viwili haubadiliki. Muda ndio unaojengwa juu ya umbali huo: kwanza njia halisi, kisha kasi ya ndege, kisha dakika za ardhini, kisha upepo. Kila kimojawapo unaweza kukikadiria ukiwa nyumbani na simu tu, na ukishakifanya mara moja hutategemea tena namba ambayo hujui imetoka wapi. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Taja uwanja, usitaje mji

Umbali hupimwa kati ya viwanja, si kati ya miji. London ina viwanja kadhaa: Heathrow ni LHR, Gatwick ni LGW, Stansted ni STN, Luton ni LTN. New York ina JFK, LaGuardia (LGA) na Newark (EWR), huyo wa mwisho akiwa katika jimbo jingine la New Jersey. Tokyo ina Haneda (HND), ulio karibu na jiji, na Narita (NRT), ulio kama kilomita 60 kutoka katikati ya jiji.

Herufi hizo tatu ndizo zilizoandikwa kwenye tiketi na kwenye lebo ya begi lako, na hutolewa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani. Kuna pia msimbo wa herufi nne wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, unaotumiwa na marubani na waongoza ndege: Heathrow ni EGLL, Jomo Kenyatta ni HKJK, Julius Nyerere ni HTDA. Kwa hesabu zetu wowote unatosha, mradi uwe na uhakika nao.

Uhakika huo una maana, kwa sababu majina ya miji hujirudia. Kuna Birmingham ya Uingereza (BHX) na Birmingham ya Alabama, Marekani (BHM). Kuna San José ya Costa Rica (SJO) na San José ya California (SJC). Kuna Sydney ya Australia (SYD) na Sydney ndogo ya Nova Scotia, Kanada (YQY), na wapo abiria waliowahi kujikuta Kanada wakiwa wamedhani wanaenda Australia. Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, andika herufi tatu za mwanzo na tatu za mwisho.

Hatua ya 2: Pata latitudo na longitudo

Kila uwanja una nukta yake rasmi, kwa kawaida karibu na katikati ya njia za kurukia. Utaipata kwenye ukurasa wa uwanja huo katika Wikipedia, au ukibonyeza na kushikilia uwanja wenyewe kwenye ramani ya simu.

Nukta hizo huandikwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni nyuzi, dakika na sekunde: 1°19′09″ Kusini. Namna ya pili ni desimali: -1.3192. Kubadili ya kwanza kuwa ya pili, gawanya dakika kwa 60, gawanya sekunde kwa 3,600, kisha jumlisha vyote na nyuzi. Yaani 1 + 19/60 + 9/3,600 = 1.3192. Halafu weka alama ya kutoa, kwa sababu tuko kusini mwa ikweta.

Alama hiyo ndiyo inayoharibu hesabu za watu wengi. Kusini ni hasi, magharibi ni hasi; kaskazini na mashariki ni chanya. Ukisahau kutoa mbele ya 1.3192, Nairobi inaruka ikweta na jibu lako la kwenda London linapungua kwa zaidi ya kilomita 250. Hesabu itakubali tu bila kulalamika, na namba utakayopata itaonekana ya kuaminika. Angalia pia mpangilio: latitudo hutangulia, longitudo hufuata, ingawa baadhi ya programu za ramani hugeuza.

Kwa mfano wetu:

Jomo Kenyatta, Nairobi (NBO): -1.3192, 36.9278
Heathrow, London (LHR): 51.4706, -0.4619

Hatua ya 3: Pima mstari mfupi juu ya tufe

Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Ramani bapa huvuta maeneo ya karibu na ncha za dunia yakaonekana makubwa kupita kiasi. Nyuzi moja ya longitudo kwenye ikweta ni kama kilomita 111, lakini ukifika latitudo ya 60 inabaki nusu yake, ilhali ramani inazichora zikiwa na upana uleule.

Njia fupi kati ya nukta mbili juu ya tufe huitwa duara kuu: ni kipande cha duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Ukiwa na tufe la darasani, chukua uzi, kaza ncha moja Tokyo na nyingine New York, uuvute hadi ukaze kabisa. Utaona uzi unapanda kaskazini hadi Alaska na Kanada ya juu, badala ya kukata Bahari ya Pasifiki katikati kama ramani inavyokushawishi. Tokyo na New York zote ziko kati ya latitudo 35 na 41, na bado njia fupi kati yao inapita kwenye baridi kali kuliko zote mbili. Hiyo ndiyo sababu mstari wa safari kwenye skrini ya ndege huonekana umepinda kama upinde.

Sasa namba. Fungua lahajedwali yoyote, iwe Excel au ile ya bure kwenye simu. Kwenye seli B2 weka latitudo ya uwanja wa kwanza, C2 longitudo yake. B3 latitudo ya uwanja wa pili, C3 longitudo yake. Kisha kwenye seli nyingine bandika hii:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(B2))*SIN(RADIANS(B3))+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*COS(RADIANS(C3-C2)))

Namba 6371 ni nusu kipenyo cha wastani cha dunia kwa kilomita. Programu ikikataa, huenda mipangilio ya lugha yako inataka alama tofauti ya desimali. Badilisha nukta iwe mkato kwenye namba za latitudo na longitudo. Kwa Nairobi na London jibu linatoka karibu kilomita 6,841.

Je, ni sahihi kiasi gani? Dunia si tufe kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha. Nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378 na kwenye ncha ni 6,357. Vikokotoo vinavyozingatia umbo hilo vitakupa jibu linalopishana na lako kwa takriban nusu asilimia au chini ya hapo. Kwa kupanga safari tofauti hiyo haina uzito wowote. Ukitaka kuhakiki, tovuti ya Great Circle Mapper hukubali misimbo miwili tu (andika NBO-LHR) na kukuchorea mstari pamoja na umbali wake. Mimi napendelea kuanza na lahajedwali kisha kuhakiki huko, kwa sababu lahajedwali inaniwezesha kupima safari ishirini kwa mkupuo mmoja.

Kuhusu vipimo: maili ya kawaida ya nchi kavu ni kilomita 1.609, na maili ya baharini, ambayo ndiyo ya usafiri wa anga, ni kilomita 1.852 kamili. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Kwa hiyo kilomita 6,841 ni maili 4,251 za nchi kavu lakini ni maili 3,694 tu za baharini. Ukikuta umbali umeandikwa kwa maili bila maelezo, pima kwanza kabla ya kuuamini.

Mstari huu wa duara kuu una kazi nyingine nje ya udadisi. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, inayohusu fidia kwa abiria waliocheleweshwa au kufutiwa safari, hupanga viwango kwa umbali, na mipaka yake ya kilomita 1,500 na 3,500 hupimwa kwa duara kuu, si kwa njia ambayo ndege ilizunguka.

Hatua ya 4: Rekebisha umbali kufuata njia ambayo ndege hupita kweli

Hapa ndipo vikokotoo vingi vya mtandaoni vinapokuacha. Ndege haifuati uzi uliokazwa. Huondoka kwa mwelekeo wa njia ya kurukia, ambao unaweza kuwa kinyume na unakoenda, kisha huzungushwa na waongoza ndege. Karibu na kutua hupangwa foleni na nyingine. Na katikati kuna anga ambazo haziruhusiwi, au ambazo shirika limeamua kuzikwepa.

Rudi kwenye mfano wetu. Duara kuu la Nairobi–London linapita juu ya Sudan Kusini, Sudan na Libya. Vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, anga ya Sudan ilifungwa, na anga ya Libya ilikuwa tayari inakwepwa kwa miaka. Ndege za kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zililazimika kusogea mashariki, kupitia Ethiopia, Bahari ya Shamu na Misri. Unaweza kukadiria gharama ya mzunguko huo kwa fomula ileile: vunja safari vipande viwili, ukiweka nukta ya kati pale njia inapopindia. Chukua Cairo (30.12, 31.41). Nairobi–Cairo ni kama kilomita 3,545; Cairo–London ni kama 3,533. Jumla ni 7,078, yaani kilomita 237 zaidi ya mstari mfupi, au asilimia 3.5.

Mbinu hii ya kuvunja safari kwenye nukta ya kupindia ndiyo ninayoiona yenye manufaa kuliko zote katika mwongozo huu, kwa sababu inafanya kazi popote. Helsinki hadi Tokyo ni takriban kilomita 7,800, na kwa miaka mingi ndege zilizipita kwa saa 9 na nusu hivi juu ya Siberia. Anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari hiyohiyo ikawa ya kama saa 13, kwa kuzunguka Ncha ya Kaskazini au kushuka kusini. Kikokotoo cha duara kuu bado kinakuambia 7,800, na hakijakosea. Hakijui tu kwamba mlango umefungwa.

Kuna pia sheria inayozibana ndege zenye injini mbili: lazima wakati wote ziwe ndani ya muda uliokubaliwa wa kufika uwanja wa dharura kwa injini moja. Muda huo ulikuwa mfupi zamani, na leo baadhi ya aina zimeidhinishwa kwa zaidi ya saa tano, kwa hiyo kikwazo hiki kimelegea sana. Utakikuta zaidi kwenye safari za kusini kabisa, kama Sydney–Santiago, ambako chini hakuna kitu ila bahari na barafu.

Kama hujui njia halisi na huna habari ya anga iliyofungwa, ongeza asilimia 3 hadi 5 juu ya duara kuu na uendelee.

Hatua ya 5: Geuza umbali kuwa muda

Kosa la kawaida ni kugawanya umbali kwa kasi ya juu ya ndege. Kasi hiyo ipo tu ndege ikiwa imeshatulia juu, katika urefu wa kilomita 10 hadi 12. Kabla ya hapo inapanda kwa dakika 20 hadi 30, na baadaye inashuka kwa muda kama huo. Marubani wana kanuni ya kichwani ya kushuka: maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000. Ndege iliyo futi 36,000 inahitaji maili 108, yaani kilomita 200 hivi, ndiyo maana unasikia injini zikitulia wakati mji unaokwenda hauonekani hata kidogo.

Kasi zenyewe ni hizi. Ndege kubwa za safari ndefu kama Boeing 787 na Airbus A350 huenda asilimia 85 ya kasi ya sauti. Hewa ya huko juu ni baridi, karibu nyuzi 56 chini ya sifuri, na sauti husafiri polepole humo, kama kilomita 1,062 kwa saa. Asilimia 85 yake ni kilomita 900 hivi kwa saa. Airbus A320 na Boeing 737 huenda asilimia 78, yaani kama 830. Ndege za pangaboi ziko chini zaidi: ATR 72 ni kama 500, na Dash 8 Q400 kama 650. Cessna Caravan, ile inayotua kwenye viwanja vya vumbi, haizidi kama 340.

Sasa tofautisha muda wa hewani na muda wa ratiba. Muda wa hewani huanza magurudumu yakiacha ardhi na kuisha yakigusa tena. Muda wa ratiba huanza ndege inaposukumwa kutoka langoni na kuisha inapoegeshwa. Katikati kuna kutembea ardhini, foleni ya kupaa, na kutafuta lango baada ya kutua. Tiketi huandika muda wa ratiba, na mashirika huongeza humo dakika za akiba ili yasionekane yamechelewa.

Kwa ndege za jeti, mimi hutumia wastani ufuatao, nikigawanya umbali uliorekebishwa wa hatua ya 4:

Chini ya kilomita 1,000: gawanya kwa 700.
Kilomita 1,000 hadi 3,000: gawanya kwa 800.
Zaidi ya kilomita 3,000: gawanya kwa 850.

Kisha ongeza dakika 30 kwa viwanja tulivu, au 45 kama kimojawapo ni uwanja mkubwa wenye msongamano.

Jaribu Nairobi–London: 7,078 ÷ 850 = 8.33, yaani saa 8 na dakika 20. Ongeza 30 hadi 45 za ardhini: kati ya saa 8 dakika 50 na saa 9 dakika 5. Kama ungetumia duara kuu tupu, ungepoteza zaidi ya robo saa kwenye njia peke yake.

Safari fupi: Dar es Salaam–Nairobi, kama kilomita 668. Gawanya kwa 700, unapata dakika 57. Ongeza 30, saa 1 na dakika 27. Hapa theluthi moja ya muda wa ratiba ni mambo ya ardhini, ndiyo maana ndege ya kasi zaidi haikuokolei mengi kwenye safari fupi.

Safari ndefu kabisa: Singapore–New York (JFK), kilomita 15,349, mojawapo ya safari ndefu zaidi duniani za ratiba bila kusimama. Ukigawanya kwa 850 na kuongeza 45 unapata saa 18 na dakika 48, karibu sawasawa na ratiba. Nimeacha kuongeza asilimia ya mzunguko hapa, kwa sababu ndege hiyo ina uhuru mkubwa wa kuchagua njia yenye upepo mzuri na hutumia fursa hiyo kulipia mzunguko.

Kanuni hii ina mwisho wake. Kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray, kaskazini mwa Uskoti, kuna safari ya ratiba ya kilomita 2.7 tu, inayochukua chini ya dakika mbili. Kwa ndege ndogo za visiwani na mbugani, tupa zile dakika 30 na uweke 10.

Hatua ya 6: Hesabu upepo

Kama njia yako ni ya mashariki–magharibi na iko mbali na ikweta, upepo utakutawala. Karibu na urefu wanaoruka abiria kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, wakati mwingine kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na huwa mikali zaidi majira ya baridi.

Fikiria London–New York, kilomita 5,540, ndege ikienda kilomita 900 kwa saa ikilinganishwa na hewa inayoizunguka. Bila upepo ni saa 6 dakika 9. Ukiwa na upepo wa nyuma wa kilomita 100 kwa saa, kasi juu ya ardhi inakuwa 1,000 na muda saa 5 dakika 32. Ukiwa na upepo wa mbisho wa nguvu hiyohiyo, kasi inashuka hadi 800 na muda unakuwa saa 6 dakika 55. Tofauti ya kwenda na kurudi ni saa 1 na dakika 23. Angalia pia kwamba upepo haujifidii: jumla ya kwenda na kurudi imezidi ile ya siku tulivu, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokupinga kuliko ndani ya ule unaokusukuma.

Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Haikuvunja kasi ya sauti. Ilikuwa imebebwa na hewa iliyokuwa yenyewe mbioni.

Kwa makadirio, safari ndefu ya kwenda magharibi katika latitudo za kati ongezea dakika 5 kwa kila saa moja ya kuruka, na ya kwenda mashariki punguza kiasi hichohicho. Kwa safari za kaskazini–kusini, au zinazobaki karibu na ikweta, acha kama ilivyo.

Hatua ya 7: Soma saa za tiketi bila kujichanganya

Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika: ya kuondoka ni ya kule unakotoka, ya kufika ni ya kule unakokwenda. Usizitoe moja kwa moja. Zigeuze zote mbili ziwe UTC, saa ya pamoja ya dunia, kisha ndipo utoe.

Tuseme tiketi inasema unaondoka Nairobi 23:35 na kufika London 05:30 kesho yake, mwezi Januari. Ukitoa tu, unapata saa 5 dakika 55, na unaweza kudhani umepata ndege ya ajabu. Nairobi iko UTC+3, kwa hiyo 23:35 ni 20:35 UTC. London mwezi Januari iko UTC yenyewe, kwa hiyo 05:30 inabaki 05:30. Kutoka 20:35 hadi 05:30 ni saa 8 na dakika 55, ambayo inaingia vizuri kwenye makadirio yetu. Ukirudi 10:25 na kufika Nairobi 21:55, hiyo ya kufika ni 18:55 UTC, kwa hiyo umesafiri saa 8 na nusu, si 11 na nusu.

Julai hesabu inabadilika, kwa sababu Uingereza husogeza saa mbele kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani hufanya hivyo kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kuna wiki chache za Machi na siku chache za mwisho wa Oktoba ambapo tofauti kati ya London na New York si ile uliyoizoea. India iko UTC+5:30 na Nepal UTC+5:45. Usikadirie kwa saa nzima nzima. Na ukivuka mstari wa tarehe, unaweza kuondoka Auckland Jumamosi usiku ukatua Honolulu asubuhi ya Jumamosi hiyohiyo.

Kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko kuna tahadhari mbili zaidi. Ya kwanza: 02:00 ya tiketi ni saa 8 usiku, wala si saa 2 ya asubuhi au ya usiku. Unapomtajia mtu atakayekupeleka uwanjani, mwambie saa ya Kiswahili pamoja na sehemu ya siku, kisha mtumie pia picha ya tiketi. Ya pili, na hii ndiyo inayowaacha watu: ndege ya 00:40 tarehe 15 huondoka usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatakiwa kuwa uwanjani jioni ya tarehe 14. Anayekwenda jioni ya tarehe 15 anakuta ndege iliondoka tangu jana usiku.

Hatua ya 8: Linganisha na safari zilizokwisha kufanyika

Ukishapata makadirio yako, fungua Flightradar24 au FlightAware, tovuti zinazofuatilia safari za ndege, andika namba ya safari, na uangalie siku chache zilizopita. Utaona saa halisi za kupaa na kutua na mstari wa njia iliyopitwa. Kumbuka hapo unaona zaidi muda wa hewani, kwa hiyo utakuwa mfupi kuliko wa ratiba. Ukikuta njia imepinda mahali usipotarajia, rudi hatua ya 4, weka nukta mpya ya kupindia, na hesabu upya. Tazama siku kadhaa, si moja. Siku moja inaweza kuwa ya upepo usio wa kawaida.

Chunguza pia kama safari kweli haisimami. Safari "ya moja kwa moja" yenye namba moja inaweza kutua katikati, ikapakia na kushusha, ndipo iendelee. Ratiba itaonyesha kituo hicho kwa maandishi madogo, na umbali wako lazima uhesabiwe vipande viwili, kila kipande na dakika zake za ardhini.

Kama unaunganisha ndege, piga kila kipande peke yake na usijumlishe umbali wote kisha ukagawanya mara moja. Kila kupaa na kila kutua kuna gharama yake ya muda. Halafu weka muda wa katikati: kila uwanja una muda mfupi unaokubalika wa kubadilisha ndege, na mfumo wa kukatia tiketi hautakuuzia chini ya huo ikiwa vipande vyote viko kwenye tiketi moja. Ukinunua tiketi mbili tofauti hakuna anayekulinda. Hapo itabidi utoke uhamiaji, uchukue mizigo na kuisajili upya, na mimi singekubali chini ya saa nne kwa safari ya kimataifa. Kama vipande viwili viko kwenye viwanja tofauti vya mji mmoja, kwa mfano unatua Heathrow na kuondoka Gatwick, hesabu pia safari ya barabarani kati yao kama kipande cha tatu, na uiangalie kwenye ramani kwa saa ileile utakayopita, maana barabara ya alfajiri na ya jioni hazifanani.